Popobawa na Usiku wa Uwanjani: Hofu, Msiba na Ujirani Kisiwani Pemba

Popobawa ni jina ambalo watu wa Pemba, na baadaye wa Unguja na mwambao wa Tanzania Bara, walimpa shetani aliyesadikiwa kuingia majumbani usiku na kuwavamia waliolala. Simulizi za waliovamiwa hufanana kwa mengi. Mtu huamka usiku wa manane akahisi uzito kifuani, asiweze kusogeza kiungo wala kupaza sauti. Wengine husikia harufu mbaya, wengine huona kivuli, na wako waliosema kuwa waliingiliwa kimwili, wake kwa waume. Hali hiyo ikipita hubaki jasho, woga na aibu.

Kuna sharti moja katika simulizi hizo lililoipa hofu ya Popobawa sura yake ya pekee. Aliyevamiwa alitakiwa awaeleze wenziwe yaliyompata, na akinyamaza shetani angemrudia. Jambo ambalo kwa desturi lingefichwa chumbani likalazimika kutolewa barazani, na hofu ya mtu mmoja ikawa hofu ya kijiji. Watu waliitikia kwa kuacha vitanda vyao na kulala nje kwa makundi. Kwa sababu hiyo, historia ya Popobawa inaeleza mengi kuhusu namna jamii ya kisiwa ilivyokaribiana ilipoogopa, na kuhusu mipaka ya ukaribu huo.

Kisiwa na sifa yake

Pemba iko kaskazini ya Unguja, kiasi cha kilomita 50 kutoka mwambao wa Tanga. Urefu wake ni kilomita 67 hivi, na miji yake mikubwa ni mitatu: Wete, Chake Chake na Mkoani. Ardhi yake ni ya vilima na mabonde, yenye rutuba kuliko sehemu kubwa ya Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa na ikawa chimbuko kuu la karafuu za Zanzibar. Mashamba hayo yalihudumiwa na watumwa hadi amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Baada yake yalibaki yakichumwa na wenyeji, wahamiaji na wajukuu wa watumwa, waliokaa katika vijiji vilivyotawanyika juu ya vilima, nyumba za miti na udongo zikiwa zimefichwa na migomba na mikarafuu.

Sifa ya Pemba kwa uganga na uchawi ni ya zamani na ilivuka bahari. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, alikiita kisiwa hicho kitovu cha uchawi cha mwambao mzima. Akaongeza uvumi kwamba hata waganga wa Haiti huja Pemba kujifunza. Uvumi wa wageni haukuwa kipimo cha maisha ya kijijini, lakini haukutoka hewani. Wagonjwa kutoka Unguja, Mombasa na Bara walifika kweli kutafuta tiba. Walikuwapo waganga wa kupunga mashetani kwa ngoma na buhuri. Walikuwapo pia waalimu wa kitabu, waliotibu kwa hirizi, kwa azima na kwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa.

Katika mfumo huo wa imani, madhara mengi yana mwenyewe. Maradhi yasiyoelezeka au kifo cha ghafla huulizwa swali moja: nani kamfanyia? Jibu mara nyingi huwa karibu, kwa jirani, mke mwenza au ndugu waliyegombania naye shamba. Ndiyo maana hofu ya uchawi hutenga watu. Mtu hupunguza kula kwa jirani, huficha mavazi yake na hunyamazia habari zake njema.

Popobawa hakufuata utaratibu huo. Hadithi moja iliyoenea sana husema kwamba sheikh mmoja alimfungua jini ili kulipiza kisasi kwa majirani zake, kisha jini huyo akamshinda nguvu na kuanza kuvamia ovyo. Adui wa namna hiyo hana ugomvi na mtu maalumu. Leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule, na anayelala peke yake ndiye aliye hatarini zaidi. Mantiki ya hofu yenyewe iliwasukuma watu wakaribiane badala ya kushukiana, angalau ndani ya kijiji.

Ingawa jina la Popobawa limeundwa kwa maneno popo na bawa, popo halisi wa kisiwa hakuhusishwa na balaa hilo. Pemba ina popo mkubwa alaye matunda asiyepatikana kwingine duniani, na wanakijiji hawakumwogopa. Walimwinda na kumla, hata akakaribia kutoweka, mpaka katika miaka ya 1990 jitihada za hifadhi za vijiji, Kidike ikiwa mfano unaojulikana zaidi, zilipoanza kumrudishia idadi yake.

Baada ya Mapinduzi

Masimulizi ya wenyeji huweka ujio wa kwanza wa Popobawa katikati ya miaka ya 1960, mara nyingi mwaka 1965, na ujio mwingine mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyakati zote mbili zilikuwa ngumu Pemba. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalifanyika Unguja, na Pemba iliyapokea kama jambo lililoletwa kutoka nje. Wapemba wengi walikuwa wamevipigia kura vyama vilivyounda serikali iliyopinduliwa, ZNP na ZPPP, hivyo kisiwa kizima kilitazamwa kwa shaka. Watu walicharazwa viboko hadharani, wazee wenye heshima zao wakidhalilishwa mbele ya watoto wao, na kipindi hicho kikabaki katika kumbukumbu kwa jina la siku za bakora.

Ikafuata njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Abeid Amani Karume ilibana uingizaji wa chakula kutoka nje kwa lengo la kujitegemea. Mchele, unga na sukari vikawa vya foleni na mgao. Karafuu ziliuzwa kwa serikali tu, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo ya bei ya soko la dunia, na aliyekamatwa akizipitisha kwa magendo kwenda Mombasa alikabiliwa na adhabu kali mno. Ruhusa ya kusafiri ilikuwa ngumu kupatikana, na waliotoroka kwa ngalawa usiku waliacha nyumba zisizojua kama ndugu zao wamefika au wamezama. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na masharti yakalegea polepole chini ya mrithi wake, Aboud Jumbe.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba viboko na njaa vilizaa shetani. Kinachoonekana wazi ni kwamba huzuni ya miaka hiyo haikuwa na mahali pa kusemwa. Aliyepoteza ndugu kwa dola hakuweza kumlilia kwa sauti, na aliyedhalilishwa hakuwa na wa kumshitakia. Hadithi ya mwenye nguvu anayeingia usiku, anayedhalilisha mwili na kumziba mtu mdomo ilisikika kwa masikio yaliyokwisha kuzoea mambo ya namna hiyo mchana.

Mwaka 1995

Wimbi kubwa kuliko yote lilianza Pemba katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1995, mwaka ambao Ramadhani iliangukia Februari. Habari zilisafiri kijiji hadi kijiji, na baada ya majuma kadhaa zikavuka bahari kufika Unguja, kisha Dar es Salaam na sehemu nyingine za mwambao. Huko Pemba umeme wa jenereta za dizeli uliishia zaidi mijini. Shamba, taa ilikuwa kandili au kibatari, na mafuta ya taa yalikuwa ghali kwa mkulima ambaye bei ya karafuu ilikuwa imemwangukia tangu miaka ya 1980.

Mpango wa usiku ulikuwa mwepesi. Jua likizama, nyumba zilizo karibu zilichagua uwanja mmoja wazi, mbali kidogo na migomba. Mikeka ilitandikwa, moto ukawashwa, na watu wa nyumba kadhaa wakalala pamoja, watoto wakiwekwa kati. Wengine walikesha wakizungumza, wengine wakasoma Yasini na Ayatul-Kursi, wengine wakafukiza ubani. Mikono mingine ilifungwa hirizi. Aliyeshtuka usingizini hakuachwa. Aliamshwa, akapewa maji, akaulizwa ameona nini, na maelezo yake yakasikika na wote waliokuwapo. Alfajiri watu walirudi majumbani kupika na kwenda shamba wakiwa wamechoka.

Usiku wa uwanjani ulibadilisha kwa muda desturi nyingi za nyumba. Katika jamii ya Kiislamu inayotunza sitara, ambamo chumba cha kulala ni siri na uwani ni mahali pa wanawake, familia nzima kulala hadharani lilikuwa jambo zito. Zito zaidi lilikuwa lile la wanaume watu wazima kukiri mbele ya wengine kwamba wamevamiwa miili yao. Hofu ilizipiku haya zote mbili. Mjane, mzee asiye na watoto karibu na mke ambaye mumewe yuko bahari ya mbali walipata nafasi mkekani kama wengine, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kubaki peke yake.

Upande wa pili wa ukaribu huo ulionekana wimbi lilipofika mjini Unguja. Kundi la watu lilimuua mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka Bara, wakimdhania kuwa Popobawa. Hakuwa na jamaa wala jirani pale wa kusema anamjua. Uwanja uliowakusanya watu wa mtaa ulikuwa pia umechora mstari kati ya wenyewe na mgeni, na aliyekuwa nje ya mstari huo hakuwa na kinga. Katikati ya mwaka wimbi likapungua, watu wakarudi vitandani.

Maelezo ya wataalamu

Kwa upande wa tiba, yanayosimuliwa na wengi yanalingana na hali ambayo Kiswahili kinaijua siku zote kama jinamizi. Mtu hupata fahamu kabla mwili haujatoka katika ganzi ya usingizi wa ndoto. Misuli haisikii amri, kifua huonekana kubanwa, na ndoto huendelea huku macho yakiwa wazi. Hali hiyo hutokea duniani kote na huongezwa na kukosa usingizi, mashaka na kubadilisha saa za kulala. Kukesha kwa kumwogopa Popobawa, kwa maana hiyo, kuliweza kuzidisha kile kilichoogopwa.

Hata hivyo jinamizi huelezea usiku wa mtu mmoja. Halielezi kwa nini kisiwa kizima kiliogopa mwaka fulani na si mwingine. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyefanya kazi kwa muda mrefu Zanzibar, alifuatilia mawimbi haya na kuonyesha jinsi maelezo yake yalivyobadilika, kutoka ya uchawi na mashetani hadi ya kisiasa. Mwanaisimu Katrina Daly Thompson, katika kitabu kilichotoka mwaka 2017, alichunguza namna Waswahili wenyewe wanavyomzungumza Popobawa, kwa hofu, kwa mzaha na kwa mafumbo, na namna vyombo vya habari vya nje vilivyopotosha mazungumzo hayo. Dubwana lenye jicho moja linalochorwa na magazeti ya ng'ambo halifanani na Popobawa wa masimulizi mengi ya wenyeji, ambaye kwa kawaida haonekani kabisa.

Mahali hapa pana ulinganisho na hadithi za zombi zinazotazamwa duniani kote. Zombi alizaliwa Haiti, katika kumbukumbu ya watumwa wa mashamba ya miwa: maiti aliyefufuliwa ili aendelee kufanya kazi bila malipo wala mwisho. Tanzania Bara ina msukule, ambaye hadithi yake inafanana naye sana. Watu wamemzika, lakini husadikiwa kuwa mchawi amemchukua kumlimia shamba, na jamaa hushindwa kumaliza msiba kwa kuwa hawana hakika kama wamezika mtu au gogo la mgomba. Sinema ya George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead, ilimgeuza zombi kuwa janga la umma. Watu wachache wanajifungia ndani ya nyumba, na aliyenusurika usiku anauawa asubuhi na waokoaji waliomdhania kuwa mmoja wa maiti. Tamthilia za televisheni zilizofuata, kama The Walking Dead iliyoanza mwaka 2010, zimeendeleza funzo hilo kwamba hatari kubwa hutoka kwa walio hai. Pemba ilitofautiana na sinema hizo kwa jambo moja la msingi. Wanaomkimbia zombi hupigilia mbao madirishani na kujifungia. Waliomkimbia Popobawa walifungua milango wakatoka. Kwa mauaji ya mgeni asiyejulikana, hata hivyo, sinema ya mwaka 1968 na Unguja ya mwaka 1995 zinakutana.

Mchana wa kususiana

Mwaka huohuo wa 1995 ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Kura zilipigwa Zanzibar tarehe 22 Oktoba. Salmin Amour wa chama cha CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Seif Sharif Hamad wa chama cha CUF, mzaliwa wa Pemba. CUF ilishinda viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi na ikakataa kumtambua rais. Kwa kuwa hofu na uchaguzi vilikuja mwaka mmoja, wafuasi wa kila upande walishutumu upande wa pili kwa kumleta shetani, na tafsiri hiyo ilizidi nguvu kadiri miaka ilivyopita.

Kisiwa kilichokuwa kimelala uwanja mmoja sasa kiligawanyika kwa jambo ambalo wazee walilikumbuka kutoka miaka ya 1957 hadi 1963, waliyoiita zama za siasa: kususiana. Watu wa chama kimoja hawakununua duka la mtu wa chama kingine, hawakupanda gari lake, na wengine walibadilisha msikiti. Uchungu wa mwisho ulikuwa mazikoni. Katika desturi ya Pemba, kifo humwondolea mtu ugomvi. Wanaume huchimba kaburi bila kuitwa, na jeneza hupokezanwa mabegani njia nzima ili kila mmoja apate thawabu ya hatua chache. Wanawake hujaa nyumba ya msiba siku tatu za matanga, na mjane anapokaa eda ya miezi minne na siku kumi, ni majirani wanaomtekea maji na kumletea habari. Kumsusia mtu maziko kulimaanisha kwamba wachache waliokuja walibeba jeneza bila kupokewa, na mjane akakaa eda yake katika nyumba isiyopigwa hodi.

Hali ilifikia kilele tarehe 26 na 27 Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa CUF. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao Pemba, mamia walijeruhiwa, na wapatao 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Mwaka huo minong'ono ya Popobawa ilisikika tena. Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF ulikuwa umetiwa saini mwaka 1999 bila kutekelezwa ipasavyo. Wa pili ulitiwa saini Oktoba 2001. Maridhiano yenye uzito yalikuja tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alipokutana na Seif Sharif Hamad. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa zaidi ya asilimia 66. Vijijini, ishara iliyotazamwa zaidi ya karatasi zilizotiwa saini ilikuwa kuona mahasimu wa jana wakisimama tena safu moja ya sala ya jeneza.

Baada ya mawimbi

Mwaka 2007 habari za Popobawa zilivuma Dar es Salaam, ambako watu wa baadhi ya mitaa walilala nje kama Wapemba walivyofanya miaka kumi na miwili kabla. Tangu hapo halijarekodiwa wimbi lililofikia ukubwa wa lile la 1995. Sababu zinazotajwa ni nyingi: mahubiri ya masheikh wanaokataza kumpa shetani utukufu asiostahiki, elimu, simu za mkononi, na umeme wa uhakika uliofika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake, kwa kuwa Dar es Salaam ya mwaka 2007 ilikuwa na taa, shule na simu, na bado iliogopa.

Leo Popobawa Pemba ni zaidi neno la mzaha kwa vijana na kumbukumbu kwa waliokuwa watu wazima mwaka 1995. Wanaosimulia hutaja kwa haraka umbo la shetani, kisha hukaa zaidi kwenye orodha ya watu: uwanja wa nani ulitumika, nani alileta kuni, nani alisoma usiku kucha, nani alikuja na watoto wake ingawa walikuwa hawasemezani. Orodha hiyo ina thamani kwa historia, kwa kuwa inaonyesha ujirani wa kijiji cha Pemba ulivyokuwa miezi michache kabla uchaguzi haujaanza kuuchagua upya.